Rangi ya pilau si viungo, na mengine wanayokosea waonjaji wa migahawa

Ijumaa iliyopita vijana watatu waliingia mgahawani kwangu hapa Ilala, wakaagiza pilau. Kabla kijiko hakijafika mdomoni, mmoja wao akaniambia, "Mama, leo viungo umebana." Nikamuuliza ameonja saa ngapi. Akasema hakuna haja, inaonekana. Mwenzake akaunga mkono, na yule wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika alama kwenye simu, akaipa nne kwa kumi.

Nina miaka 19 kwenye kazi hii, ya mgahawani na ya shughuli. Kauli hiyo nimeisikia kwa wateja, kwa kamati za harusi, kwa mashangazi wa upande wa bwana harusi na wa upande wa bibi harusi. Nafurahi kuona watu wanazunguka migahawa ya mtaani, wanaonja na kuambiana wapi pazuri. Sisi wenye meza sita na benchi mbili hatuna hela ya matangazo, tunaishi kwa mdomo wa mteja. Ndiyo maana inaniuma mtu akituhukumu kwa kipimo kibovu, halafu watu mia wakamwamini.

"Pilau ikiwa nyeusi ndiyo ina viungo"

Hapana. Rangi ya pilau kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kitunguu maji. Supu ya nyama inachangia kidogo. Binzari nyembamba, hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, kwa vipimo ambavyo mtu anaweza kula, haviwezi kuligeuza sufuria zima kuwa kahawia. Usipoamini, chemsha kijiko cha binzari nyembamba kwenye kikombe cha maji. Utapata maji ya manjano hafifu yenye harufu ya kujaza nyumba. Harufu ni nyingi na rangi ni haba, hivyo ndivyo viungo vyetu vilivyo.

Kitunguu ndicho chenye rangi. Ukikitia kwenye mafuta, kwanza kinatoa maji, na muda wote huo kinabaki cheupe, unakoroga mpaka mkono unachoka. Maji yakishakauka joto linapanda, sukari yake inaanza kuungua taratibu, na hapo mambo yanakwenda mbio: dhahabu, kahawia, kahawia iliyokoza, nyeusi. Kutoka dhahabu hadi nyeusi ni muda wa kupokea simu moja. Ukimwaga supu, ile rangi inaachia na kuingia kwenye mchele. Kwa hiyo mpishi anaichagua rangi ya pilau yake kwa kuamua amwage supu wakati gani, na anaweza kuifanya nyeusi kama kahawa bila kugusa kopo la viungo.

Mwaka juzi kamati moja ya harusi ilinijia na ombi hilohilo, "ile yenye viungo, nyeusi." Nilikuwa nimeshachoka kubishana, nikapika masufuria mawili, kila moja kilo mbili za mchele. Mchele ulitoka gunia moja, nyama ilitoka bucha moja, na viungo nilivitwanga kwenye kinu kimoja nikavigawa kwa kijiko. Tofauti niliyoweka ni moja tu: sufuria la kwanza vitunguu niliviachia dhahabu, la pili nikavisukuma hadi rangi ya kahawa. Wajumbe walikuwa tisa. Saba wakasema la pili lina viungo zaidi, na dada mmoja akaniomba niongeze "kidogo tu" kwenye lile jingine ili lilingane.

Nikawaonyesha kinu, nikawaeleza nilichofanya, kisha nikawaomba wafumbe macho. Mwenyekiti wao, mzee mtaratibu, alitafuna ile hafifu polepole, akanyamaza, akasema, "Hii ina hiliki." Akapewa ile nyeusi, akatafuna muda mrefu zaidi. Hiliki hakuipata. Ilikuwamo, kipimo kilekile, ila uchungu wa kitunguu kilichoiva kupita kiasi ulikuwa umekaa juu yake.

Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Dhana hii haiishii kwenye kukosea alama, inaharibu upishi wenyewe. Mteja akidai weusi, mpishi atampa weusi. Wapo wanaounguza vitunguu makusudi. Wapo wanaounguza sukari. Wapo wanaomwaga sosi ya soya kwenye supu. Nikiwa bado naajiriwa, niliwahi kufanya kazi kwenye jiko ambalo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuunguza sukari ya pilau, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Walisifia viungo.

Kumjua anayefanya hivyo si kazi ngumu. Meza tonge, subiri kidogo. Kitunguu kilichokaangwa vizuri kinaacha utamu. Kilichoungua kinaacha uchungu nyuma ya ulimi, na unaupata baada ya kumeza, sio kabla. Sosi ya soya inaleta chumvi ambayo haifanani na chumvi ya supu, utaisikia hata kwenye kiazi.

Na hata viungo vyenyewe vikiwa vingi kweli, si sifa. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, ndiyo maana watu wanaitafuna wakiumwa jino. Ikizidi kwenye pilau, ulimi unakufa ganzi na mengine yote huyapati. Mdalasini wa unga ukizidi, wali unakuwa kama una vumbi. Mtu ananunua mchele wa Kyela kwa sababu ya harufu yake, anaulipia bei ya juu, kisha anaufunika na viungo mpaka hautofautiani tena na mchele wowote wa dukani. Mimi kwa kilo moja ya mchele natia kijiko kimoja cha chakula cha binzari nyembamba, hiliki punje nane, karafuu tano au sita, kijiti kimoja cha mdalasini na pilipili manga nusu kijiko cha chai. Vyote navitwanga asubuhi ileile, maana hiliki ikishasagwa haikai. Kopo la viungo vilivyosagwa tangu mwezi uliopita ni unga wa kahawia tu.

Ombi langu kwa kila anayejiita mwonjaji: vijiko vitatu vya kwanza uvile vitupu. Usitie kachumbari, usikamue ndimu, usitie pilipili, usimwage mchuzi. Cha kwanza unatafuta harufu, cha pili unatafuta chumvi na mafuta, cha tatu unasubiri kinachobaki baada ya kumeza. Ukishamaliza hapo, changanya unavyotaka. Nimewaona watu wakimwaga kachumbari sahani nzima kisha wakaandika kuhusu viungo vya pilau, kumbe walichoonja ni kitunguu kibichi na ndimu.

"Foleni ndefu, chakula kizuri"

Nusu kweli. Foleni inakueleza kwanza kuhusu mahali na bei. Weka sufuria karibu na kituo cha daladala saa saba mchana, uza bei ya chini, na watu watapanga mstari hata wali ukiwa boko. Faida halisi ya foleni ni kwamba chakula hakikai, kinachopakuliwa sasa kilitoka jikoni sasa. Kwa hilo ithamini. Kwa ladha, tumia ulimi.

"Kikiwa cha moto ni salama"

Hapa naomba msomaji atulie, maana mwonjaji anayezunguka migahawa mitatu kwa siku yuko kwenye hatari kuliko mteja wa kawaida. Mchele una vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva kisha ukaachwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Sumu ya aina inayoleta kutapika haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo wali uliokaa vuguvugu tangu asubuhi, ukapashwa mpaka ukatoa moshi, unaweza kukulaza vilevile.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichoiva kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri mteja kishikiliwe juu ya nyuzi 60. Cha kuangalia ni hotpoti. Inafunguliwa mara ngapi? Inafungwa vizuri? Wali wa chini una moto au umepoa? Mimi nabakiza makaa chini na juu ya kifuniko mpaka sahani ya mwisho, na kinachobaki jioni hakirudi mezani kesho.

Na hili linagusa ile imani nyingine, kwamba mama ntilie ni mchafu na hoteli yenye vitambaa vyeupe ni safi. Sufuria la barabarani lililopikwa saa tano likaisha saa nane mara nyingi ni salama kuliko trei ya bufee iliyokaa kutwa juu ya mshumaa mdogo. Tazama maji ya kunawa na ya kuoshea vyombo, tazama anayepokea hela kama ndiye anayeshika chakula. Vitambaa havipiki.

"Ndimu inaua vijidudu"

Haiui kiasi cha kukuokoa. Asidi yake inageuza nyama ya samaki kuwa nyeupe, inapunguza shombo, na basi. Samaki anayekutia shaka mrudishe.

"Nyama ngumu, mpishi mbovu"

Inategemea. Nyama nyingi tunayopika imechinjwa usiku wa kuamkia siku hiyohiyo. Misuli ya mnyama hukaza saa chache baada ya kuchinjwa, na hulegea baada ya siku kadhaa za kukaa kwenye baridi, jambo ambalo mabucha mengi ya mtaani hayalifanyi. Ng'ombe wetu naye ametembea malishoni maisha yake yote. Nyama ya namna hiyo lazima utafune, na ladha yake iko humohumo kwenye kutafuna. Mpishi umlaumu kama kaikatisha njiani haijaiva. Mimi nashtuka zaidi nikikuta nyama inayosambaratika kama kiazi na haina ladha: mara nyingi hiyo ililazwa kwenye papai bichi kupita kiasi.

"Ajinomoto ni sumu"

Ajinomoto ni ule unga mweupe wa kukoleza ladha. Kikunae Ikeda, mkemia wa Tokyo, aliitambua ladha yake mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa baharini. Kitu hichohicho kimo kwenye nyanya iliyoiva na kwenye maziwa ya mama. Wapo watu wachache wanaosema huwaletea kichwa kuuma wakila nyingi, na hao wajiepushe. Mimi siitumii, kwa sababu supu ya mifupa iliyochemka saa nne haiihitaji, lakini sitamwita mwenzangu mwuaji kwa kijiko cha chai.

"Nimeshakula pale, napajua"

Umekula siku moja, saa moja, sahani moja. Migahawa mingi ya kwetu ina siku yake. Wengi tunapika pilau na biriani kwa nguvu Ijumaa, na Jumanne utakuta maharage na dagaa wa kawaida. Ukija Jumanne saa kumi jioni ukaomba pilau, utapewa iliyopo. Kama unataka kunipa alama kwa haki, njoo kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, siku ninayopika kitu hicho, na uje mara mbili. Mara ya pili kaa mahali unapoweza kuona jiko.

"Ukoko ni makombo"

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo ningependa mlijaribu kwanza. Pilau ikikaribia kukauka, tunapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kinachoganda chini ndicho ukoko, na humo kazi yote ya moto imeandikwa. Ukoko wa dhahabu unaobanduka vipande vikubwa unaonyesha kwamba moto ulipunguzwa kwa wakati na makaa ya juu yalitosha. Ukoko mweusi una maana moshi ulipanda mpaka wali wa juu, hata kama sahani yako inapendeza kwa macho. Ukikosekana kabisa, na wali ukawa na majimaji, sufuria lilifunuliwafunuliwa kabla ya wakati. Waonjaji wengi hawajui hata kuuliza, na wahudumu wengi wanaona aibu kuuleta mezani. Kwangu unabanduliwa saa nane mchana, hauuzwi, na anayeuliza anapewa.