Kuwasaidia wenye usonji hakuhitaji shahada
Wengi huamini kwamba bila shahada ya saikolojia huwezi kuwa msaidizi wa tabia kwa watu wenye usonji. Si kweli. Nchini Marekani, cheti cha RBT (yaani msaidizi wa tabia aliyesajiliwa), kinachotolewa na BACB, bodi inayothibitisha wataalamu wa uchambuzi wa tabia, hudai umri wa miaka 18, kumaliza sekondari, mafunzo ya saa 40, tathmini ya ustadi kwa vitendo, kisha mtihani.

Saa 40 ni chache, ndiyo maana usimamizi ni lazima: angalau asilimia 5 ya saa za huduma kila mwezi. Msaidizi hajitungii mpango. Hutekeleza ule ulioandaliwa na mchambuzi wa tabia, yaani mtaalamu anayemsimamia, na kuandika anachokiona. Kwangu, ustadi mkubwa kuliko yote ni kutambua mtu anapokataa, hasa asiyetumia maneno, na kumheshimu.