Lawama Yenye Ubishi: Nani Hasa Aliyeharibu Mawe ya Kale?

Katika mijadala ya uhifadhi wa malikale, lawama yenye ubishi ni hali ambapo uharibifu wa eneo lenye mawe ya kale yaliyosimikwa unaonekana kwa macho, lakini wahusika hawakubaliani ni nani wa kuubeba. Jiwe limelala chini, na hilo halibishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama lilisukumwa, lilichimbuliwa kwa makusudi, lililegezwa na mvua na ng'ombe wanaojikuna kwalo, au liliachwa bila ulinzi na yule aliyepaswa kulilinda.

Ubishi huo huzaliwa kwa sababu mara nyingi neno "kuharibu" hubebeshwa maana mbili kwa wakati mmoja. Kuna mkono uliotenda, na kuna mamlaka iliyoruhusu au iliyonyamaza. Mwaka 2023 huko Carnac, magharibi mwa Ufaransa, mji unaojulikana kwa maelfu ya mawe yake yaliyopangwa kwa safu, habari zilienea kwamba takribani mawe 40 madogo yalikuwa yameondolewa ili kupisha ujenzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Waliolalamika walisema ni urithi wa maelfu ya miaka uliofutwa. Upande wa manispaa ulijibu kwamba kibali kilitolewa kwa kufuata taratibu, na ofisi ya utamaduni ya mkoa ikasema haikuwa imethibitika kwamba thamani ya kiakiolojia ilipotea. Ukiangalia kwa makini, utaona kwamba pande hizo hazikuwa zikijibu swali moja: wengine waliuliza nani aliyaondoa mawe, wengine kama yalikuwa ya kale kweli. Baada ya tingatinga kupita, swali hilo la pili huwa gumu mno kujibiwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa kuwa ushahidi wenyewe umekwenda na kifusi.

Sheria nayo haimalizi ubishi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1979 ya kulinda malikale na maeneo ya kiakiolojia inataka, katika kosa la kuharibu, ithibitike kwamba mshtakiwa alijua kuwa mahali hapo palilindwa, na kwamba alikusudia kuharibu au hakujali kama angeharibu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndiye aliyeangusha jiwe, na bado asiwe na hatia mahakamani. Hatia ya kisheria na lawama ya kimaadili ni vitu viwili, na anayevichanganya atabishana bila kikomo.

Kadiri tukio linavyozeeka ndivyo lawama inavyokuwa rahisi kubandikwa. Huko Avebury, kusini mwa Uingereza, penye duara kubwa la mawe ya kale, mawe mengi yalizikwa ardhini katika zama za kati. Kwa muda mrefu Kanisa limetajwa kuwa ndilo lililochochea kazi hiyo kwa kuyachukia mawe ya wapagani, ingawa inawezekana pia kwamba wakulima walitaka tu kusafisha mashamba. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Alexander Keiller alifukua chini ya jiwe mojawapo mifupa ya mwanamume aliyekuwa na mkasi na sarafu za mwanzoni mwa karne ya 14. Ikasimuliwa kwamba jiwe lilimwangukia na kumponda wakati wa kulizika. Uchunguzi wa baadaye wa mifupa hiyo haukuonyesha kwamba alipondwa, na huenda aliwekwa pale akiwa tayari amekufa. Uharibifu wa karne ya 18, kwa upande mwingine, haubishaniwi sana, kwa sababu William Stukeley, mtafiti wa malikale wa wakati huo, alikuwapo akachora na kuandika: jiwe lilitumbukizwa shimoni, likawashiwa moto wa nyasi kavu hadi likapata joto kali, likamwagiwa maji baridi, kisha likapigwa nyundo hadi likapasuka, na vipande vikajengewa nyumba. Mtu mmoja aliyerekodi kwa wakati wake ametusaidia kuliko karne kadhaa za kudhani.

Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, pana mfano ulio karibu nasi. Mnara mkubwa kuliko yote pale, uliochongwa kutoka jiwe moja, wenye urefu wa takribani mita 33 na uzito unaokadiriwa kufikia tani 520, umelala vipande vipande. Mapokeo yanamtwika malkia mvamizi Yodit lawama ya kubomoa fahari ya mji huo katika karne ya 10. Wanaakiolojia wengi wanaona mnara huo ulianguka mapema zaidi, pengine wakati wa kusimikwa kwenyewe, kwa kuwa sehemu iliyozama ardhini ilikuwa fupi mno kuushikilia. Hapo adui anaweza kuwa amelaumiwa kwa kosa la kihandisi. Mnara mwingine, wenye urefu wa takribani mita 24, nao ulikuwa umekwisha kuanguka na kuvunjika ulipochukuliwa na majeshi ya Italia mwaka 1937. Anayeilaumu Italia kwa kuuangusha anakosea. Anayeilaumu kwa kuupeleka Roma na kuukalia hadi mwaka 2005 ana haki, na ndiyo maana madai hayo yalisimama hadi mnara ukasimikwa tena Aksum mwaka 2008.