Ukitaka kuielewa saikolojia, anzia kwenye kumbukumbu

Anayeanza saikolojia hupewa matawi yake kama masomo yasiyojuana: leo ubongo, kesho kujifunza, keshokutwa ukuaji wa mtoto. Mimi nikifundisha huchukua jambo moja na kulifuata kila linakopita. Chaguo langu ni kumbukumbu, kwa sababu hakuna tawi isiloligusa.

Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa kwa ajili ya kifafa kilichoshinda dawa. Daktari William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo matukio mapya hayakumkaa. Mtu alizungumza naye vizuri, akatoka, akarudi baada ya dakika chache, na Henry akampokea kama mtu asiyewahi kumwona. Akili haikuwa imepungua: ukimtajia tarakimu chache alizirudia palepale bila shida.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mistari yake, huku mkono na karatasi akiviona kwenye kioo tu. Ijaribu nyumbani. Ukifika kwenye pembe, mkono unagoma, unavuta upande usioutaka. Siku ya kwanza Henry alikosea sana. Siku ya tatu mkono wake ulikuwa umeshaizoea kazi. Yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya.

Hapa huwaomba wanafunzi waweke kalamu chini kwanza. Mkono umejifunza na mwenye mkono hana habari! Maana yake kumbukumbu si kitu kimoja. Ile ya matukio huhitaji hipokampasi ili ijengeke. Ile ya ujuzi hupita njia nyingine za ubongo. Ndiyo maana, ingawa watu wengi hatukumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi, ni katika umri huohuo tulijifunza kutembea na kusema.

Hata hofu ina kumbukumbu yake. Mbwa wa Ivan Pavlov, waliodondokwa na mate kwa ishara iliyozoeleka kutangulia chakula, wanajulikana na kila mtu. Mimi hupenda zaidi kisa alichokiandika Édouard Claparède, daktari na mwanasaikolojia wa Uswisi, mwaka 1911. Alikuwa na mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Siku moja alimpa mkono akiwa ameficha sindano kiganjani, ikamchoma. Baadaye mgonjwa yule alikataa kumpa mkono, asiweze kueleza ni lini alichomwa wala na nani. Leo jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa, na ni sawa lisiruhusiwe, lakini lilichofichua ni kikubwa.

Kisha kuna wenzetu, ambao maneno yao huingia ndani ya kumbukumbu zetu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha washiriki 150 filamu ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Hamsini wengine waliulizwa swali hilohilo, ila kwa kitenzi kikali zaidi, kama kusema yalipobamizana na kupondeka. Waliobaki hawakuulizwa mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Katika kundi la kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Katika kundi la kwanza walikuwa 7, na katika lile lisiloulizwa mwendo, 6.

Watu hawa hawakudanganya. Waliamini wanachokisema, kwa sababu tunapokumbuka tunalijenga upya tukio, na tulichosikia baadaye huingia kwenye ujenzi huo. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, maana watu hufungwa kwa ushahidi wa macho. Mhojaji aliyefunzwa vizuri huanza na "Nieleze kilichotokea," kisha humwachia shahidi nafasi ya kusema. Swali kama "Alikuwa amevaa koti jeusi, siyo?" hulikwepa kabisa, na kwa mtoto hulikwepa maradufu.