Je, wajua? Kwa nini wanafunzi wa Kifaransa kule Marekani waliambiwa waandike Kiingereza

Chukulia uko chuo unasoma Kifaransa, mwalimu anawaambia kuna darasa huko Ufaransa linasoma Kiingereza na muhula mzima mtakuwa mnaandikiana mtandaoni, unafurahi kweli, unasema hapa ndo Kifaransa changu kitanyooka, halafu anaongeza kajambo kadogo tu: wewe utaandika Kiingereza, yule Mfaransa ataandika Kifaransa. Sasa si unabaki unajiuliza ada nimelipia nini?

Lakini ndivyo ulivyopangwa mradi unaoitwa Cultura, ulioanza mwaka 1997 pale MIT, kile chuo cha teknolojia jirani na Boston. Waanzilishi ni walimu watatu, Gilberte Furstenberg, Sabine Levet na Shoggy Waryn, na hiyo sheria ya kila mtu na lugha yake waliiweka makusudi kabisa.

Sababu kubwa unaiona ukiangalia maswali yenyewe. Wanafunzi wa pande zote mbili wanajaza madodoso yanayofanana, na moja ya hali walizopewa ni hii: uko supamaketi, unamwona mama anamzaba mtoto wake kofi, unajisikiaje, unafanya nini? Sasa mchukue Mzungu aliyesoma Kiswahili mwaka mmoja umwambie ajibu kwa Kiswahili. Atakuandikia hivi: "Mimi ninaona huzuni. Mama ni mbaya. Kupiga mtoto si nzuri." Basi, kamaliza. Ukisoma unamwona mtu mwepesi mwepesi, mwenye hukumu za haraka, kumbe kichwani alikuwa na mengi: inategemea mtoto ana umri gani, inategemea kofi lenyewe, labda ningemwangalia yule mama ajue nimeona, labda ningenyamaza halafu nikifika nyumbani roho inisute. Hayo yote hana maneno yake kwa Kiswahili, kwa hiyo anaandika yale anayoyaweza, na wewe unaondoka unaamini ndivyo wanavyofikiri kwao. Yaani mradi uliotaka watu waelewane umezaa picha ya uongo, tena kwa maandishi.

Sababu ya pili mimi naiona ni ya ujanja zaidi. Yule mwenzio akiandika kwa lugha yake, maandishi yake ndo yanakuwa kitabu chako. Mwanafunzi wa MIT anapata kurasa na kurasa za Kifaransa cha kweli, cha vijana wa rika lake, kina utani na mafumbo na hasira kidogo, kitu ambacho kitabu cha sarufi hakina. Angekuwa anaandikiwa Kiingereza cha kuungaunga asingeambulia kitu. Halafu wakiingia darasani wanayajadili hayo maandishi kwa Kifaransa, kwa mdomo, mwalimu akiwepo, kwa hiyo mazoezi ya kuongea hayajapotea popote, yamehamishiwa tu pale ambapo mtu akikosea hakuna anayemdhania vibaya.

Na kuna hili la Kiingereza kula kila kitu. Acha madarasa mawili yachague yenyewe, moja la Marekani na jingine la nchi yoyote ile, wiki haiishi wote washahamia Kiingereza maana ndo kinachowawezesha wengi, na wenye Kiingereza chao wanakuwa wababe wa mjadala. Sheria ya kila mtu na lugha yake inaziba huo mlango.

Sasa inavyoendeshwa. Kwanza wote wanajaza madodoso kabla hawajaona ya wenzao, hii msiichezee, maana mtu akishaona jibu la upande wa pili anaanza kulipamba la kwake. Madodoso ni matatu: maneno (andika yanayokujia kichwani ukisikia neno fulani), sentensi za kumalizia (jirani mwema ni…), na hizo hali kama ya supamaketi. Majibu yanawekwa bega kwa bega kwenye skrini, huku Kiingereza kule Kifaransa, na hapo ndo watu wanashtuka. Mfano unaotajwa sana ni ile dhana ya kumtanguliza mtu binafsi kabla ya kundi, ambayo kwa lugha zote mbili inaandikwa karibu sawasawa, individualism na individualisme. Wamarekani wengi waliandika mambo ya uhuru, kujitegemea, ubunifu. Wafaransa wengi waliandika uchoyo na upweke. Kamusi isingekwambia hilo hata siku moja.

Baada ya hapo wanaingia kwenye jukwaa la kuandikiana na kuulizana, kwa nini nyie mnaona hivi? Na utamu unaanza pale Wafaransa wanapoanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, maana ndo Mmarekani anagundua kwamba "Wafaransa wanasema" ni maneno makubwa mno. Mwalimu hapo haingii, anasoma tu, akitia mguu vijana wanaanza kuandika ya kumfurahisha yeye.

Ila sio njia pekee. Kuna tandemu, ambayo Helmut Brammerts wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, aliisambaza sana kwa barua pepe miaka ya 1990, ambako unaandika nusu kwa lugha yako na nusu kwa ile unayojifunza, na mnasahihishana. Kama shida yako ni sarufi nenda tandemu. Kama unataka kujua mtu anawaza nini, Cultura.

Mwalimu wa huku kwetu akitaka kujaribu, tuseme darasa la Kifaransa la Nairobi au Dar na wanaosoma Kiswahili Paris, pale Inalco, chuo cha lugha, kinafundishwa, vitakavyomsumbua sana sio falsafa, ni saa na kalenda. Paris wanabadili saa mara mbili kwa mwaka sisi hatubadili, kwa hiyo tofauti ni saa mbili wakati wao wako baridi na saa moja wakiwa kwenye joto. Halafu ukimwambia mwanafunzi wa Kiswahili tukutane saa nne, mmoja atakuja asubuhi anavyojua Mswahili, mwingine atasubiri mpaka alasiri. Andikeni kwa tarakimu na muweke na jina la mji. Ndo maana kuandikiana bila kuonana live kunafaa zaidi, na bando nalo linapona.

Kalenda ni balaa zaidi. Shule zetu nyingi mwaka unaanza Januari, kwao unaanza Septemba, kwa hiyo Desemba nyie mmefunga wao wanaandika na hakuna anayejibu, na kimya mtandaoni watu wanakisoma kama dharau. Na la mwisho ni maksi: upande mmoja kazi hii ikiwa na maksi na upande wa pili ni ya hiari, wale wa hiari watajibu mistari miwili halafu wapotee, wenzao walalamike kwa mwalimu wao kwamba wanakosa alama kwa makosa ya watu wasiowajua, kwa hiyo hilo walimu wawili wamalizane kabla darasa halijaambiwa chochote.