Lodi wa Pango la Niah

Vijana wanaoanza kazi ya ndege na popo wa mapangoni wakiniuliza wasome maandishi ya nani, humtaja Gathorne Gathorne-Hardy, Earl (cheo cha kikabaila cha Uingereza) wa 5 wa Cranbrook. Hushangaa: lodi wa kurithi na kinyesi cha popo, wapi na wapi?

Alizaliwa 1933. Mwaka 1956, kabla hajarithi chochote, alikwenda Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, kuwa msaidizi katika jumba la makumbusho, na Pango Kuu la Niah likamteka.

Humo wanaishi teleka wadogo, jamaa ya hawa wanaokata anga jioni juu ya mapaa yetu. Viota vyao ni vya mate, na Wachina huvinunua kwa bei kubwa wapikie supu. Gizani utawasikia: tik-tik-tik, kama ukucha ukipita kwenye meno ya kitana. Ndege hupiga mlio, mwangwi ukirudi anajua ukuta uko wapi. Akikaribia kiota, milio inasongana. Milio ya popo wengi hatuisikii bila kifaa. Hii masikio matupu yanatosha. Mwaka 1959 Cranbrook aliieleza katika jarida la kisayansi la Nature kwa jina la Lodi Medway, cheo cha mrithi baba akiwa hai.

Kwangu mimi kazi yake nzito zaidi ni ya viota na uvunaji. Teleka wa viota vyeusi, aina mojawapo ya hao, hutaga yai moja tu. Kiota kikichukuliwa kabla ya yai, ndege atajenga kingine. Kikichukuliwa kina kinda, kinda amekufa, na mvunaji amejipunguzia ndege wa kesho. Kwa hiyo msimu wa kuvuna apange teleka, si soko. Nasema hivyohivyo kwa kila anayechuma porini.

Cheo alikirithi 1978, pamoja na kiti katika Bunge la Malodi la Uingereza. Kuanzia 1990 hadi 1998 aliongoza English Nature, chombo cha serikali cha uhifadhi England.

Niah hakuiacha, hasa mifupa ya kale ya wanyama iliyofukuliwa humo. Mwaka 2009, yeye na Philip Piper walichapisha ushahidi kwamba tapiri, mnyama mla majani mwenye pua ndefu kidogo kama mkonga mfupi, asiyeonekana tena Borneo, aliwahi kuishi huko. Baadaye wakapendekeza arudishwe.