Kwa nini mishubiri karibu yote inadai kibali, hata ile iliyojaa porini

Wafugaji wa Baringo na Laikipia huniuliza: mbona tunabanwa kwa mmea uliozagaa malishoni mwetu? Wana hoja. Aloe secundiflora, mmoja wa mishubiri inayokamuliwa sana Kenya, umeenea kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, na hauko karibu kutoweka. Lakini hebu tufuate safari ya utomvu wake.

Mkamuaji hukata majani, akayainamisha kwenye karai, sehemu iliyokatwa ikielekea chini, na utomvu wa manjano ukachuruzika wenyewe. Kisha huuchemsha mpaka uwe mzito. Ukipoa huganda kuwa shubiri ngumu ya kahawia, karibu nyeusi. Nipe kipande chake mkononi: siwezi kukutajia kwa macho wala kwa ulimi kimetoka kwenye mshubiri gani. Afisa wa forodha naye hawezi. Ndani ya kipande hicho aina adimu hujificha nyuma ya aina iliyojaa. Hiyo ni sababu kubwa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuiweka mishubiri karibu yote katika Kiambatisho cha Pili, yaani huuzi nje bila kibali, na ile michache iliyo hatarini zaidi katika Kiambatisho cha Kwanza. Aloe vera peke yake uliachwa nje, kwa kuwa unaouzwa ni wa shambani.

(Afya nayo imo. Aloe ballyi wa pande za Taita una sumu, na ukiukata hunuka panya. Usiutie kwenye sufuria.)

Mimea yenyewe haistahimili kisu kwa namna moja. Aloe turkanensis huchipuza pembeni ukawa kichaka. Ukikata shina moja, mengine yapo. Aloe secundiflora kwa kawaida husimama peke yake. Ukiacha majani ya katikati, mmea utapona polepole. Ukiung'oa, umekwisha, na kizazi kijacho kitangoja mbegu, baada ya ndege aitwaye chozi kuchavusha maua.

Mwaka 1986 rais wa Kenya alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Kwa maoni yangu, marufuku ile ilimnufaisha dalali kuliko mmea. Ukamuaji uliendelea kwa kificho, bei akaipanga yeye, na mtu anayekata huku akitazama nyuma hana muda wa kuchagua jani la kuacha. Kanuni za mwaka 2007 zilifungua njia ya kuuza shubiri ya mashambani. Ugumu ni hesabu ya mkulima: mche wake unachukua miaka kukomaa, ilhali mshubiri wa porini ni wa bure leo.

Kwa hiyo nikiletewa mzigo unaodaiwa kuwa wa shambani, naomba kuonyeshwa shamba. Nahesabu mimea, natazama makovu ya majani yaliyokatwa, halafu nalinganisha na kilo zilizoandikwa kwenye fomu.