Mchoro si grafu: andika nodi zako, kisha viungo

Nimeletewa tena michoro miwili kwenye simu na swali lilelile: "Mwalimu, grafu sahihi ni ipi?" Zote mbili, kwa sababu ni grafu moja. Mchoro mmoja una mistari inayokatana na mwingine hauna, basi mwanafunzi akaamini ana vitu viwili mkononi. Imani hii inanichosha kuliko zote katika somo hili, maana makosa mengi yanayofuata huzaliwa hapo.

Grafu isiyo na mwelekeo ni seti ya nodi (vitu vinavyounganishwa) na seti ya viungo, kila kiungo kikiwa jozi ya nodi mbili isiyojali nani katangulia. Basi. Urefu wa mstari, kupinda kwake, nani yuko juu na nani chini, havimo.

Chukua mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, awamu ya kwanza, tukiruka vituo vingi vya katikati. Nodi: Kimara, Ubungo, Magomeni, Morocco, Fire, Gerezani, Kivukoni. Viungo: Kimara–Ubungo, Ubungo–Magomeni, Magomeni–Morocco, Magomeni–Fire, Fire–Gerezani, Fire–Kivukoni. Chora Kivukoni kushoto na Kimara kulia ukipenda, grafu ni ileile. Digrii ya nodi ni idadi ya viungo vinavyoigusa: za Magomeni na Fire ni 3, ya Ubungo 2, nyingine 1 kila moja. Jumla 12, mara mbili ya viungo 6, kwa kuwa kila kiungo kina ncha mbili.

Kuhusu mistari kukatana: pale Tazara, gari linalopita juu ya daraja la Mfugale halikutani na linalopita chini kwa Barabara ya Mandela. Pasipo nodi, hakuna makutano. Tena zipo grafu ambazo huwezi kuzichora kwenye karatasi bila mistari kukatana hata ukikesha, kama ile ya nodi tano ambayo kila nodi imeungana na nyingine zote.

Sasa linaloniudhi hasa. Watu huandika orodha ya viungo tu, halafu wanasema, "Nodi si zinaonekana humohumo?" Hazionekani zote! Ongeza Kigamboni kwenye nodi zetu saba. Mtandao ule haufiki huko, kwa hiyo Kigamboni haina kiungo hata kimoja. Programu inayosoma faili la viungo peke yake haitajua kwamba Kigamboni ipo. Iulize kama grafu imeungana, yaani kama kutoka nodi yoyote unaweza kufika nyingine yoyote, itajibu ndiyo, na jibu hilo ni la uongo. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna onyo, na ripoti inakwenda kwa bosi hivyohivyo. Seti ya nodi iandikwe yenyewe, kwanza, kila mara.

Jingine: Fire–Gerezani na Gerezani–Fire ni kiungo kimoja. Kwenye orodha za majirani, yaani kila nodi na zile ilizoungana nazo, kompyuta hukihifadhi mara mbili, sawa, lakini hilo ni suala la uhifadhi. Ukihesabu humo ukatangaza viungo 12, umehesabu ncha.

Ukiruhusu vitanzi, yaani nodi kuungana na nafsi yake, kitanzi huongeza 2 kwenye digrii. Nafundisha hivyo ili ile jumla isivunjike, ila mwanafunzi akinibana kwa nini iwe 2, jibu hilo haliniridhishi hata mimi.

Na usidhani digrii zikilingana basi grafu ni moja. Nodi sita katika mzunguko mmoja, na nodi sita katika pembetatu mbili zilizotengana: zote zina viungo 6, kila nodi digrii 2, lakini ya pili haijaungana. Hizo unazitofautisha kwa jicho. Kwa grafu kubwa za aina yoyote, kazi ya kujua kama mbili ni moja ukibadilisha majina ya nodi ni ngumu kweli. László Babai wa Chuo Kikuu cha Chicago alitangaza mbinu ya kasi kubwa ya kazi hiyo mwaka 2015, akarekebisha kasoro katika uthibitisho wake mwaka 2017, na bado swali la kama kuna mbinu ya muda wa polinomia (muda usiozidi kipeo fulani maalumu cha idadi ya nodi) kwa grafu zote liko wazi.